Mawe Yaliyomo Ndani ya Barafu

Nanyuki,
Julai 14

Mwanangu Baraka,

Nyanya yako kikohozi kimempungua, na kila siku anauliza utakuja lini.

Nimeiona ile picha uliyonitumia, ya mto wa barafu wa Alaska wenye mistari myeusi, pamoja na swali lako: mawe yale yaliingiaje ndani ya barafu ngumu vile? Ukajijibu mwenyewe kwamba huenda yalizama kwa uzito wao. Nimeona nikuandikie kirefu badala ya kukujibu kwa simu, kwa sababu mwezi ujao unapanda Mlima Kenya na wenzako wa chuo, na njia yenu inapita karibu kabisa na barafu ya Lewis. Ningependa ufike pale ukijua unachotazama.

Tuanze na hilo la kuzama. Barafu ya mlimani ni ngumu kiasi kwamba jiwe haliwezi kudidimia humo kwa uzito wake. Linaloweza kushuka ni lile dogo jeusi: jua hulipasha moto, likayeyusha barafu iliyo chini yake, likaingia sentimita chache, basi. Jiwe kubwa hufanya kinyume. Huikinga barafu iliyo chini yake na jua, ya pembeni ikayeyuka, na baada ya muda utalikuta limekaa juu ya kiguzo cha barafu, limeinuka kuliko mwanzo. Kwa hiyo uzito si jibu. Mawe huingia kwa njia nyingine, na kila njia huacha alama yake kwenye jiwe. Ukilichunguza jiwe vizuri, utajua lilisafiri sehemu gani ya barafu.

Njia ya kwanza ni ya juu. Mto wa barafu una sehemu mbili. Kule juu, theluji inayoanguka kwa mwaka ni nyingi kuliko inayoyeyuka, hivyo tabaka jipya hulifunika la mwaka uliopita, na theluji ya chini hushindiliwa mpaka ikawa barafu. Kule chini, kinachoyeyuka ni kingi kuliko kinachoanguka. Barafu hutiririka polepole kutoka sehemu ya kwanza kwenda ya pili. Sasa jabali likimeguka kwenye genge na kuangukia sehemu ya juu, mwaka ujao litakuwa chini ya theluji, na miaka mingi baadaye litakuwa ndani kabisa ya barafu. Halikuzama, limefunikwa. Litateremka humo humo, na likifika sehemu ya chini, barafu iliyo juu yake itayeyuka mwaka hadi mwaka mpaka lichomoze tena. Jiwe lililoangukia sehemu ya chini tangu mwanzo haliingii ndani. Hubebwa juu juu hadi mwisho wa safari, isipokuwa litumbukie kwenye ufa.

Watu wa Chamonix, Ufaransa, waliijua safari hiyo kwa uchungu. Agosti 1820, msafara wa Joseph Hamel, mwanasayansi kutoka Urusi, ulikumbwa na poromoko la theluji kwenye miteremko ya juu ya Mont Blanc, na waongozaji watatu wakatupwa ndani ya ufa. Hawakupatikana. James David Forbes, mwanafizikia wa Uskoti aliyepima mwendo wa barafu za eneo lile, alikadiria kuwa mabaki yao yangetokea chini baada ya miaka 40 hivi. Yalianza kutokea mwaka 1861, kwenye sehemu ya chini ya barafu ya Bossons. Na mwaka 2012, barafu hiyo hiyo ilitoa mfuko wa barua za kidiplomasia uliokuwa ndani ya ndege ya Air India iliyoanguka mlimani humo Januari 1966. Jiwe hupita njia ile ile waliyopita wale waongozaji, kwa mwendo ule ule.

Mistari ya pichani kwako imetokana na njia hii ya juu. Kila mto wa barafu hubeba kifusi pembeni, kilichoporomoka kutoka kuta za bonde. Mito miwili inapokutana, kingo zake za ndani huungana na kuwa mstari mmoja katikati, na mito ikiwa minne utahesabu mistari mitatu. Waswisi ndio waliotufundisha kuifuatilia mistari hiyo. Franz Josef Hugi alijenga kibanda juu ya barafu ya Unteraar mwaka 1827. Louis Agassiz alipofika kuchunguza barafu ile zaidi ya miaka kumi baadaye, kibanda kilikuwa kimeteremka zaidi ya kilomita moja pamoja na mawe yaliyokizunguka. Wakati huo walikuwapo wasomi waliobisha kwamba barafu ingeweza kubeba majabali mbali.

Lakini mwanangu, njia ya juu ndiyo ionekanayo na wapiga picha. Mimi iliyonishika tangu nikiwa mwanafunzi ni ya chini, mahali barafu inapogusana na mwamba na jicho halifiki.

Ili uielewe, fanya jaribio moja hapo nyumbani kabla hujaondoka. Gandisha maji kwenye kopo la lita moja. Kilaze kipande hicho cha barafu juu ya vigoda viwili vilivyoachana kidogo, upitishe waya mwembamba wa chuma juu yake, na kila ncha ufunge chupa kubwa iliyojaa maji. Tulia, utazame. Waya utaingia ndani ya barafu taratibu, ukishuka, na nyuma yake barafu itafunga. Mwisho wake waya utaanguka sakafuni, na barafu bado ni kipande kimoja. Kisha rudia kwa mshipi wa nailoni wa unene ule ule. Utauona unakwenda polepole mno.

Kinachotokea ni hiki. Barafu ikikandamizwa, huyeyuka kwenye baridi kali zaidi ya nyuzi sifuri. Chini ya waya mgandamizo ni mkubwa, barafu inayeyuka. Maji yanazunguka waya na kufika juu yake, ambako hakuna mgandamizo, nayo yanaganda upya. Maji yakiganda hutoa joto, na joto hilo hupita ndani ya waya kwenda kuyeyusha barafu ya chini. Chuma hupitisha joto vizuri, nailoni haipitishi, ndiyo sababu mshipi unachelewa. Michael Faraday alilizungumzia jambo hili la barafu kujiunga upya mwaka 1850, na John Tyndall akaliendeleza alipokuwa akichunguza barafu za Alps. Ni kwa jina la huyo Tyndall ilivyoitwa barafu iliyo jirani na Lewis, upande wa magharibi wa vilele. Utaiona mkipita Bonde la Teleki.

Sasa weka nundu ya mwamba mahali pa waya. Barafu inateremka na kuigonga. Upande wa juu wa nundu mgandamizo unapanda, utando wa barafu unayeyuka. Maji membamba kuliko karatasi yanaizunguka nundu na kugandia upande wa chini. Joto la kuganda linarudi kwa kupitia ndani ya mwamba wenyewe. Tofauti za joto zinazoendesha kazi hii ni ndogo sana: hata chini ya barafu ya unene wa kilomita nzima, kiwango cha kuyeyuka hushuka kwa pungufu ya nyuzi moja tu. Lakini zinatosha. Na maji yale yanapoganda upande wa chini, chochote yalichokuwa yamekichukua au kilichokuwa kimelala pale, vumbi, mchanga au kokoto, kinagandishwa pamoja nayo. Barafu mpya inazaliwa ikiwa na uchafu tumboni, kisha inaondoka nao. Nundu ikiwa kubwa, ya mita nyingi, kazi hii hufifia, kwa kuwa joto halina nafasi ya kupita umbali huo wote ndani ya jiwe; hapo barafu hujipinda na kuizunguka. Mshipi wako wa nailoni ulikuwa na shida hiyo hiyo: joto lilishindwa kupita.

Watu wameliona hili kwa macho. Kaskazini mwa Norwei, chini ya barafu ya Engabreen, kampuni ya umeme ilichimba mahandaki mwambani ili kukusanya maji yanayotiririka chini ya barafu, na wanasayansi wakafunguliwa maabara humo. Juu yao kuna barafu ya unene wa mita 200 hivi. Huingia kwa kuyeyusha pango kwa maji moto, wakafanya kazi haraka, kwa sababu barafu huanza kulifunga tena pango hilo muda si mrefu. Ukiwa ndani yake huioni barafu ya buluu ya kwenye kadi za posta. Dari ni ya kijivu, ina mchanga na kokoto zilizogandia matabaka kwa matabaka, na dari hiyo inasogea juu ya mwamba ulio miguuni pako.

Tabaka hilo chafu huwa jembamba ukililinganisha na barafu yote. Mwaka 1968, kwenye kituo cha Byrd huko Antaktika, Wamarekani walitoboa barafu mpaka mwisho wake, mita 2,164 kwenda chini. Mashapo yalikuwamo katika mita 4.83 za mwisho tu; juu ya hapo ilikuwa barafu safi. Hizo mita chache ndizo zinazosaga nchi.

Maana mwamba mzima nao hung'olewa, ingawa si kwa kugandishwa peke yake. Nyuma ya nundu kubwa barafu huwa imeinuka kidogo na kuacha uwazi uliojaa maji. Maji hayo husaidia kuubeba mzigo wa barafu. Yakipungua ghafla, kama yanavyofanya mara kwa mara mchana na usiku na msimu kwa msimu, mzigo wote huelemea ukingo wa mwamba, nyufa zikarefuka, na kipande kikalegea. Barafu inayopita hukikokota. Ndiyo sababu mwamba uliopitiwa na barafu huwa na nyuso mbili: upande uliopokea barafu umesuguliwa ukawa laini, na upande wa pili umevunjika vunjika, wenye ngazi za mawe yaliyong'olewa.

Na pale chini ambapo hakuna mwamba mtupu ila changarawe na tope, barafu hupenya kati ya chembe kwa kuyeyuka na kuganda vile vile, ikazikumbatia. Neal Iverson wa Marekani amelionyesha hili maabarani. Huko Alaska, kwenye barafu ya Matanuska, ipo njia ya ajabu zaidi, iliyoelezwa na watafiti mwaka 1998. Maji ya chini ya barafu hupanda kwa kasi kutoka kwenye shimo refu lililo chini yake. Yanapopanda, mgandamizo unapungua, na kiwango cha kuganda kinapanda haraka kuliko maji yanavyoweza kupata joto. Yanajikuta ni baridi kupita kiwango chake cha kuganda, yakaganda hapo hapo kwa vibapa vyembamba, na kunasa tope lililokuwa likielea ndani yake. Kwa njia hiyo barafu huongezeka kutoka chini, na barafu inayoongezeka ni ya tope.

Utaniuliza: kama uchafu wa chini uko chini, mbona mara nyingine unaonekana juu, kwenye mistari inayopanda? Karibu na mwisho wake barafu huwa nyembamba na nzito kusogea, huku ya nyuma ikiendelea kuisukuma. Inajikunja, au tabaka moja linateleza juu ya jingine, na tope la chini linapandishwa. Mistari ya namna hiyo hukata upana wa barafu, tofauti na ile ya pichani kwako inayofuata urefu wake. Usiichanganye.

Ndani ya barafu mawe hayapangwi. Mto wa maji ukipungua nguvu, huacha majabali kwanza, kisha kokoto, kisha mchanga, na tope hulipeleka mbali. Barafu haichagui; jabali na vumbi husafiri bega kwa bega na kutuliwa pamoja. Karibu na Okotoks, mkoa wa Alberta nchini Kanada, kuna jabali la takriban tani 16,500 lililokaa katikati ya nyanda tambarare. Lilitoka kwenye milima ya eneo la Jasper, mamia ya kilomita kutoka hapo, likiwa limeporomokea juu ya barafu. Na barafu ikifikia bahari, vipande vyake huelea na mzigo wao mpaka viyeyuke. Mwaka 1988 Hartmut Heinrich wa Ujerumani aliandika juu ya matabaka ya chembe za mawe aliyoyakuta kwenye matope ya sakafu ya Atlantiki ya Kaskazini. Sehemu kubwa ya matabaka hayo imefuatiliwa mpaka upande wa Hudson Bay, Kanada.

Kuna habari moja ya mawe yaliyobebwa ambayo ni yetu. John Walter Gregory, aliyeuchunguza Mlima Kenya mwaka 1893 na kutambua kwamba barafu zake zamani zilishuka chini sana kuliko siku zile, ndiye aliyeueleza mwamba wa volkeno wa mlima huu wenye fuwele kubwa za felspa, akauita keniti kwa jina la mlima. Mwamba wa aina hiyo unapatikana pia kwenye Mlima Erebus, katika Kisiwa cha Ross huko Antaktika. Mawe ya keniti ya kisiwa hicho yameokotwa ng'ambo ya mlango wa bahari wa McMurdo, upande wa bara. Kwa kuwa ni mwamba wa kisiwani, barafu tu ndiyo iliyoweza kuyavusha, na kwa mawe hayo wanajiolojia wamejua barafu ya zama zile ilielekea wapi. Nililisoma hilo nikiwa chuoni na sijaacha kulifurahia. Mwamba uliopewa jina hapa kwetu ndio uliosaidia kuchora mwendo wa barafu ya Antaktika.

Barafu za Kilimanjaro nisingekushauri uende kuzitazamia mambo haya. Zile zilizo bapa juu ya Kibo karibu hazitembei, hivyo hazisagi mwamba. Mzigo wao mkuu ni vumbi la upepo. Lonnie Thompson na wenzake walipozitoboa mwaka 2000, walikuta humo tabaka la vumbi walilolikadiria kuwa la miaka 4,000 hivi iliyopita, wakalisoma kama ushahidi wa ukame mkubwa. Hiyo nayo ni elimu, ila ni ya aina nyingine.

Sasa turudi Mlima Kenya. Mkipanda Bonde la Teleki, kumbuka kwamba bonde lenyewe limechongwa. Barafu ilishuka mpaka karibu mita 3,300, na matuta ya mawe iliyoyaacha, ambayo wanajiolojia huyaita moreni, bado yapo. Mkifika karibu na Lewis, juu ya mita 4,500, simama kwenye tuta lililo mbele yake na uchague mawe ishirini bila kupendelea. Yagawe mafungu mawili. Yale yenye kona kali, nyuso zisizolainika wala kuwa na mikwaruzo, yaliporomoka kwenye magenge na kusafiri juu au katikati ya barafu. Hayakugusana na chochote njiani ila barafu. Yale yenye kona zilizolika, uso mmoja au miwili iliyosagwa bapa, na mikwaruzo myembamba inayokwenda sambamba, yalipita chini. Lishike moja la hayo, ulielekeze kwa jua la pembeni, la asubuhi au jioni, na mikwaruzo itajitokeza. Pitisha ukucha juu yake. Halafu tafuta mwamba usiong'oka hapo karibu, wenye mikwaruzo ya namna hiyo, upime kwa dira inaelekea wapi. Chota pia maji ya kijito cha barafu kwa chupa safi, uyaache yatulie usiku kucha: yakifanya mashapo laini ya kijivu chini ya chupa, huo ni unga wa mwamba uliosagwa kule chini.

Mawe yarudishe ulipoyatoa. Ni hifadhi ya taifa, na atakayefuata naye ana haki ya kuyakuta.

Nakusihi uyafanye haya safari hii, usiseme utarudi. Lewis ni mojawapo ya barafu za tropiki zilizopimwa kwa muda mrefu zaidi: Mackinder na wenzake waliichora walipopanda kilele cha Batian mwaka 1899, Carl Troll na Karl Wien wakaipima upya mwaka 1934, na Stefan Hastenrath akaifuatilia kwa miaka mingi kuanzia miaka ya 1970. Kufikia 2010 ilikuwa imebakiza eneo la kilomita ya mraba 0.1 tu, na imezidi kupungua tangu hapo. Barafu ya Gregory, iliyokuwa imeungana nayo, haipo tena. Barafu iliyopungua na kukonda hivyo haina uzito wa kuusaga mwamba, kwa hiyo unachokwenda kukiona ni kazi iliyokwisha fanyika, na dalili zake zilizo wazi zaidi ni zile zilizofunuliwa karibuni, kabla mvua na baridi ya usiku hazijazifuta.

Usikimbilie kileleni. Laleni usiku mmoja zaidi kambi ya Mackinder mzoee hewa, na mtu akiumwa kichwa kisichopoa, ateremshwe siku hiyo hiyo, bila mjadala.

Piga picha ukingo wa barafu ukiwa umesimama kando ya jabali linalotambulika, uandike tarehe, saa na upande kamera ilikoelekea, kisha unitumie pamoja na hesabu ya mafungu yako mawili. Ninazo picha za pale za miaka iliyopita na nitaziweka pamoja. Msalimie baba yako, umwambie akupe ile dira yangu, sihitaji anirudishie.

Shangazi yako,
Wanjiru